Kiko na Shanga kwenye Milango ya Choo

Siku ile tulikuwepo hawa: binti yangu Rebeka, mwenye hoteli ya chakula pale Hai Malakal, bintiye Achol, mjukuu wangu, ndiye aliyekuwa anaposwa, kaka yangu Majok, na upande wa pili Mzee Okello, Mganda muuza spea pale mtaani Custom, mkewe Mama Aida, na mwanao Opio, mchumba mwenyewe. Na mimi, mwenye aibu.

Ulikuwa mwaka ule wa uhuru, kabla vita havijatutawanya tena, na kila nyumba ilikuwa na rangi iliyobaki ya kuchora bendera. Rebeka alitaka milango ya choo cha hoteli yake ichorwe yule mtu wa sketi na yule wa suruali, nikasema sketi ya nini, Achol mwenyewe anavaa suruali na padri wetu anavaa kanzu, lete brashi (kusoma sijui, lakini kuta za tukul, nyumba zetu za msonge, nimezipamba tangu msichana). Mlango wa wanawake nikachora kiko, maana kwetu bibi zangu wote walivuta, Nyanwut, Abuk, Adhieu, wote. Wanaume nikawachorea shanga, maana vijana wa kwetu ndio waliojifunga shanga kiunoni. Nikaona hata mtoto ataelewa.

Fundi alikuwa hajaweka komeo. Mazungumzo ya posa yalipokolea pale hotelini nikaenda kwenye kiko changu, nimeshakaa, mlango ukafunguka, Mzee Okello huyo, mkono kwenye mkanda. Na mkwe, mnajua wenyewe, hata kula mbele yake siwezi.

"Malesh, Mama, nisamehe," akasema akiangalia juu. "Mimi iko naona kiko, nikajua ni ya wanaume."

"Ni ya mabibi," nikasema. "Funga."

Akafunga, akaenda moja kwa moja getini, akamwambia Opio waondoke, hawezi tena kukaa na mkwe aliyemwona vile. Achol akaanza kulia. Nami nikatoka nimejifunika shuka hadi puani, najua posa ya mjukuu wangu nimeivunja kwa brashi. Ndipo tukasikia ukelele wa Mama Aida kule kwenye shanga (mama gani wa Uganda ataona shanga apite?), na kaka yangu Majok akatoka mbio ameshikilia suruali.

Mzee Okello akamtazama Majok, akanitazama mimi.

"Sasa nani amkasirikie nani?" akasema, akacheka mpaka akashika geti, kisha akarudi kukaa, na kabla ya chai kupoa Achol alikuwa mke wao.

Brashi sijaigusa tena, na sitaigusa. Ila Majok anasema Mama Aida ndiye aliyetangulia kuingia, si Mzee Okello. Yeyote kati yetu tuliokuwepo, kama nimekosea, anirekebishe.