Viti vya Kutazamana na Mama Mkwe

Chekeni tu, lakini mimi hadi leo nikisikia treni ikitajwa natamani kujifunika blanketi, maana aibu niliyoipata Ulaya hata adui yangu simwombei.

Shemeji yangu alikuwa anaolewa Zurich, na mama mkwe angetoka Bungoma tukutane naye Paris, halafu twende pamoja kwa treni. Sasa mimi, mtu wa Grand Prairie, Texas, ambaye hata maziwa nafuata kwa gari (treni naijua ile ya mizigo inayotufungia barabara nikichelewa kazini), nikajitia mjuaji, nikakaa kwenye kochi na simu kutafuta tiketi, nikaona picha ya viti vinne vinavyotazamana, meza katikati, familia inacheka, nikabonyeza hapo hapo. Nekesa, mke wangu, akauliza, "Umeangalia viti vizuri?" Nikamwambia, "We tulia, uko na fundi."

Kwetu Waluhya (kama hukujua, jua leo) mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali meza moja, hata kupishana mlangoni ni shughuli. Na huyu mama alikuwa ananiita mtu asiye na adabu, kwa sababu tulioana huku Texas kabla sijakanyaga kwake. Safari hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kujisafisha.

Tukaingia behewani, nikaona viti, moyo ukapiga paa! Nikikaa hapa, magoti yangu yanagusa ya mama. Nikikaa pale, ni bega kwa bega, na popote ni meza moja. Kiti cha nne kuna mzee wa Kizungu na mbwa wake, na treni imejaa. Mama akavuta leso usoni, akabaki amesimama na magoti yake mabovu, watu wote wanatutazama. "Mwambie mama akae, mimi naenda msalani," nikasema, nikakimbia kujibanza karibu na choo, nikiwa nimepanga kusimama huko hadi Zurich.

Kumbe simu yenye tiketi zote nimeiacha mezani. Kondakta akanikuta nimejikunyata pale, akataka tiketi, nikamweleza mambo ya ukwe kwa Kiingereza (jaribu wewe uone!), akanishika kiwiko, akanipitisha katikati ya abiria kama mwizi wa kuku. Niliona aibu hadi machozi yakanilengalenga.

Kabla Nekesa hajaifungua simu, mama mkwe akainuka, leso ikaanguka, akanikamata mkono, mkono kabisa jamani, akamfokea kondakta kwa Kiswahili: "Wachana naye! Huyu ni mtoto wangu! Amekimbia kwa kuniheshimu mimi!"

Kondakta hakuelewa kitu, lakini kiwiko alikiachia upesi. Mama akauona mkono wake ulipo, akashtuka, akauondoa, akageukia dirisha. "Nekesa, mwambie mkwe wangu aketi. Mimi nitaangalia ng'ombe."

Akawaangalia hao ng'ombe hadi Zurich, shingo ikakakamaa, na harusini akacheza ameipinda upande mmoja, akiulizwa anasema alilala vibaya. Hakunitaja hata mara moja. Nami nimeapa, tiketi atanunua Nekesa, mimi nitabeba mabegi, na sitabonyeza tena kitu eti kwa sababu watu kwenye picha wanacheka.