Pilipili Iliyotibiwa

Bwana afya wetu mstaafu tumemzika juzi Buseresere, akiwa na miaka themanini na moja. Kabla jeneza halijashushwa, wataalamu wa kijiweni walishatoa ripoti: ameuawa na mionzi. Miaka themanini na moja! Hiyo mionzi ilikuwa na subira kweli.

Chanzo ni neno moja, wasomaji wangu. Mama lishe mmoja wa Rwamgasa alinunua pilipili manga ya pakiti, nyuma imeandikwa "imetibiwa kwa mionzi". Mchimbaji mmoja akaisoma kwa sauti, akauliza, "Imetibiwa? Kwani ilikuwa inaumwa nini?" Banda zima likacheka, halafu likaogopa, na kufikia Jumamosi mama yule alikuwa anakula pilau yake mwenyewe. Marehemu alikuwa ameshastaafu, lakini akaitwa. Akageuza pakiti, akasoma lebo na namba ya kibali, akaketi, akaagiza sahani. "Ilikuwa inaumwa vijidudu," akasema huku anatafuna, "imeshapona. Mionzi imepita zake, haikubaki humu, kama ile ya kupiga picha ya kifua hospitali. Kipimo kimewekwa kisheria, na kiwanda kinakaguliwa. Sasa wewe, kwenye kikaango cha mkeo juzi ulichoma nini?" Mchimbaji akainamisha kichwa. Alikuwa amechoma humo dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, na moshi wa zebaki hiyo, sumu tupu, ulizunguka jikoni kwake bila lebo wala kibali.

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Hatari iliyopimwa na kuandikwa tunaikimbia. Isiyoandikwa tunaipakua na ugali. Karanga zenye ukungu tunazipeta tu, tunasema hazina neno. Hata mimi, mcheshi wenu, siku ile nilikuwa benchi la nyuma, nikasingizia tumbo ili nisile. Naona aibu mpaka leo.

Tulipotoka makaburini, mama lishe yule ndiye aliyekuwa amepika. Sufuria imejaa, foleni hakuna.

"Shikamoo, baba," akanisalimia.

"Marahaba, mama."

"Wanasema pilipili yangu ndiyo imemmaliza mzee. Wateja wakinikimbia tena, nafunga banda."

Safari hii tumbo langu lilikuwa zima. Nikachukua sahani, nikasimama mbele peke yangu, nikasema kila mtu asikie, "Niwekee, mama, na pilipili usiibanie." Nilikuwa nimeshakula nusu nilipomwona yule mchimbaji wa siku ile nyuma yangu, sahani mkononi. "Kile kikaango nilikitupa," akaninong'oneza.

Nimejifunza nikiwa nimechelewa: ukiujua ukweli kuhusu chakula cha mtu, usiishie kuueleza. Kaa, ule.