Makofi ya Darasa la Tatu

Asikwambie mtu, Mwalimu Mwajabu hakwenda Titye kwa kupenda. Mtoto wa dukani, amekulia mjini Kasulu kwenye kanga na udi, leo anapangiwa shule ya shamba! Asubuhi ya kwanza alipoingia darasa la tatu, watoto wote walitoka kwenye madawati, wakainama, wakapiga makofi polepole: pwa, pwa, pwa. "Mwakeye, mwalimu!" Akadhani anataniwa. Kumbe ndiyo salamu ya Waha wa vijijini, na mkubwa haachiwi mpaka aulizwe habari za nyumbani, za shamba na za mvua. Mwaka haujaisha, akaugua, akalala siku nzima kitandani. Kilichomliza si homa. Aliyakosa yale makofi.

Ndipo vikaja vishikwambi. Mradi fulani ulivileta kwa majaribio, na ndani mlikuwa na mchezo: tumbili anavuka mto kwa kukanyaga jiwe lenye jibu sahihi. Ukichelewa, chubwi! Niyitegeka, binti ambaye akisikia hesabu alikuwa anajificha nyuma ya mwenzake, alianza kumvusha tumbili wake huku akicheka peke yake. Mwajabu alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga. Akaapa vitu hivi haviondoki.

Lakini watu wa mradi walisema watakuja kutazama, na kama watoto hawavuki, vifaa vitahamishiwa Kibondo. Na tumbili wa Titye walikuwa wakizama ovyo! Kila akitokea mtu mzima mlangoni, awe mwalimu mkuu, awe mama mpika uji, darasa zima linaweka vishikwambi chini na kupiga makofi. Mtu anaulizwa habari za mvua, huku tumbili wanakwisha.

"Sikilizeni wanangu," Mwajabu aliwaambia asubuhi ya ugeni. "Leo hata aingie nani, msiinuke. Macho kwenye mto."

Wageni wakaja, wameongozana na Mzee Kipriani wa kamati ya shule. Mzee akasimama mlangoni, viganja tayari vimekutana, akingoja. Hakuna aliyeinua uso. Tumbili wakavuka, wageni wakafurahi, vifaa vikabaki. Mzee akashusha mikono taratibu, akamwuliza Mwajabu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa wajukuu zangu nimewakosea nini?"

Ukimwuliza Mwajabu kama angerudia, atakwambia angerudia, maana Niyitegeka sasa ndiye anayewaelekeza wenzake kujumlisha. Ila moyo nao una mambo yake, jamani. Juzi aliingia darasani, vichwa vyote vimeinamia vioo. Hamu ikamzidi. Akainama yeye mwenyewe mbele ya watoto, akapiga makofi.

"Mwakeye, wanangu."

"Subiri kidogo, mwalimu," Niyitegeka alimjibu bila kuinua macho. "Navuka."