Nguzo Aliyoichonga Baba

Harufu ya mawe yanapoanza kulowa hunirudisha kwenye baraza moja hapa katikati ya Nairobi. Nilikuwa mtoto. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Uthiru kwa miguu, mvua ikatukuta mbele ya jengo jipya lenye nguzo za mawe, tukajikinga barazani.

Askari wa mlangoni akatujia na rungu. "Wewe mama, toka! Hapa ni pa wazungu."

Mama hakutoka. Alipapasa nguzo moja baada ya nyingine, kisha akakishika kiganja changu na kukibandika kwenye ya mwisho. Mistari ya tindo ilikuwa imelalia upande tofauti na ya nguzo nyingine, kwani baba, fundi wa mawe, alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Hii ilichongwa na mume wangu," alimwambia askari. "Wewe ulichonga ipi?"

Akavua kitambaa cha kichwa, akakikamua maji kwenye sakafu yao iliyong'arishwa, akaegemea.

Leo nguzo zimepakwa rangi, lakini nikiegemea ile ya baba, mistari bado naisikia mgongoni.

"Mathe, mvua imeisha," mlinzi kijana ananiambia.

"Najua," namjibu, na sisogei.