Mkate wa Viazi kwa Mgeni wa Ijumaa

Mkate ule haukuwa wa kwetu. Baba aliupata Manila. Alikuwa mpishi wa meli za mizigo, na katika meli moja alifanya kazi na Mfilipino ambaye wazazi wake walikuwa na duka la mikate. Meli ilipotia nanga kwao, yule mwenzake akampeleka nyumbani. Baba akisema hajapata kuona mikate laini kama ile. Ukifumbua mmoja, ndani umejaa kiazi cha zambarau kilichopondwa, kikapikwa kwa maziwa na sukari.

Aliporudi Unguja akaugeuza. Kiazi kitamu alikitia kwenye unga wenyewe, na ndani akaweka nazi iliyokaangwa na sukari na iliki. Hakuuza, wala hakupelekea jirani. Mama akimwambia, "Si uwape watu waonje?" yeye hujibu, "Wakionja watautaka kila siku, na mimi niko nyumbani siku ngapi?" Basi ukabaki mkate wa watu watatu, baba, mama na mimi.

Mambo yalipoharibika Unguja, baba alikuwa likizo. Walikuja watu wakamchukua asubuhi, hata chai hajamaliza, na hatukumuona tena. Mimi na mama tulipandishwa meli pamoja na wengine tukaletwa huku Maskati, kwa ami yangu, ndugu yake baba, aliyehamia zamani akaoa huku. Nilikuwa nimeshaingia sekondari. Huku hakuna skuli ya wasichana, kwa hivyo nikakaa ndani, nikawa naandika andika tu. Kusema na watu siwezi. Hata ami akiniuliza jambo, jawabu hunijia akishaondoka.

Mwaka ulipita, wa pili ukaingia. Ami alikuwa akisikia kwa waliokuja nyuma yetu kwamba baba amefia gerezani. Alitaka tumsomee hitima, na mama akae eda, avae nyeupe na asionwe na wanaume. Mama akakataa. Aliendelea kuvaa kanga za rangi na kutia wanja, kama mke ambaye mumewe yuko safarini, na najua kuna watu waliomsema.

"Shemegi," ami alimwambia siku moja, "wote wanasema hivyo hivyo."

"Wote wanasema, na kila mmoja kasikia kwa mwenzake. Nikikaa eda nishamzika. Mimi simziki mume wangu kwa maneno ya sokoni. Niletee aliyemuona."

Ami akampata. Alisikia kuwa kuna mtu ameingia Matrah, bandari ya jirani, anayesema alifungwa chumba kimoja na baba mpaka alipofariki, akamwalika aje Ijumaa baada ya Alasiri.  Mama alipopata habari aliniita jikoni.

"Ijumaa utaoka mkate wa baba yako."

"Kwa ajili ya mgeni?"

"Kwa ajili ya mgeni. Muwekee mbele yake, usimwambie ni mkate gani wala wa nani. Kuna watu husema, 'Tulikuwa na fulani,' kwa kutaka kutuliwaza tu, au wamechanganya mtu na mtu. Lakini aliyelala chumba kimoja na baba yako hawezi kuwa hajausikia mkate huu. Mwanamme yule hata usingizini akipika."

Nikafahamu. Mgeni asipoujua, baba bado yuko hai. Akiujua, basi.

Viazi vitamu huku wanaviita findal. Tulivyopata vilikuwa vyeupe na vikavu. Nazi zilikuwa za Malabar, Bara Hindi, kuukuu, zimeanza kunuka mafuta. Mke wa ami, Mwarabu wa Matrah ambaye Kiswahili chake alijifunzia kwa mumewe, alinusa kifuu akakunja uso.

"Hii nazi au sabuni? Tende zimejaa ndani, na nyinyi mnahangaika na hii! Tieni tende."

Aliposema hivyo moyo wangu uliruka. Tukitia tende utakuwa mkate mwingine, hata aliyesimuliwa hatautambua. Atakula, atashukuru, ataondoka, na sisi tutabaki kama tulivyo. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu, "Mama, tende ni tamu zaidi."

Mama alinitazama. Nafikiri aliniona mpaka ndani.

"Tia nazi," akasema. "Nnataka kujua, mwanangu. Nimechoka kutokujua."

Ijumaa nikachagua nazi iliyokuwa na nafuu, nikaikuna, nikaikaanga na sukari na iliki mpaka ikashikana. Viazi nikaviponda vingali moto, nikavichanganya na unga wa ngano, hamira na samli, nikaongeza maziwa kwa sababu ya ule ukavu wake. Unga ulipoumuka nikakata madonge, nikayatia nazi, nikayabana kwa chini. Kuoka nilioka kama kwetu, moto chini na moto juu, makaa juu ya kifuniko cha sufuria.

Mke wa ami akashika kiuno. "Ya salaam! Watu wa Sawahil, hata sufuria mnaivisha kilemba cha moto!"

Nilicheka kidogo, nikasahau lililo mbele yetu. Lakini makaa ya huku ni ya mti mgumu wa jangwani, si makaa ya vifuu niliyoyazoea, na mimi nikayajaza kwa kipimo cha Unguja. Nilipofunua, migongo ya mikate ilikuwa myeusi. Nikasimama pale na koleo mkononi, machozi yananilenga.

Mama hakunigombeza. Alichukua kisu akakaa kunikwangulia, mmoja mmoja. "Mkate wake wa kwanza baba yako aliuunguza hivi hivi," akasema. "Tukala na masizi yake."

Mgeni alikuwa mwembamba, kanzu imemzidi. Alikaa na ami barazani, na mama akakaa nyuma ya pazia la mlango, karibu kiasi cha kumsikia mgeni akipumua. Mimi ndiye niliyepeleka sinia.

"Karibu, ami," nikamwambia mgeni, macho chini.

"Ahsante, mwanangu."

Alichukua mkate. Hakuuma. Aliupindua chini juu, akapapasa kwa kidole gumba mpaka akapata pale nilipobana, akaufungulia hapo, akaupuliza kwanza mvuke utoke. Hakuna aliyemwambia. Ndivyo baba alivyotufundisha, ukifungwa hapa hufunguliwa hapa, usije ukaunguza ulimi kwa sukari.

Mgeni akautazama ule mkate uliofunguka.

"Kumbe upo kweli," akasema. "Sisi tukidhani anatutungia."

Ami akaweka kikombe chini.

Mgeni akasema polepole, bila kuulizwa, kwamba jioni njaa ikizidi baba alikuwa akiwaokea. Alikaa katikati yao akakanda unga usiokuwepo, akauacha uumuke, akakataza watu wasiguse. Kisha akampa kila mtu wake mkononi, na kumwonyesha pa kuufungulia. "Tukimchezea shere. 'Mpishi, leo umezidisha sukari!' Naye akikasirika kweli kweli! Anasema basi kesho hatoki mtu na mkate." Alicheka. Kisha akasema baba alishikwa na homa, na haikumwachia.

Hapo mama akasema kutoka nyuma ya pazia, sauti yake imenyooka, "Nani alimuosha?"

"Mimi, dada yangu. Mimi na mwenzangu mmoja. Maji yalikuwa machache, lakini yalitosha."

"Na kumsalia?"

"Tulimsalia."

Ami alikuwa analia, ndevu zimerowa, hajifichi. Mimi bado nimesimama, sijui sinia niliweke au niondoke nalo.

"Mwambie mgeni ale," mama akasema. "Katoka mbali."

Mgeni akaula wote, na masizi yaliyobaki, polepole, kama mtu anayekula kitu alichokabidhiwa.

Sikulia mbele yao. Nilirudi jikoni nikakuta madonge mawili yasiyookwa yamevimba mpaka yamepasuka, nazi inatoka. Nikakaa chini nikayaangalia. Nilikuwa nimeomba dua huku nakanda, nikimwomba Mungu mgeni asiujue, na kila nilipoomba nikaubana mkate vizuri zaidi, kama alivyonifundisha mwenyewe. Sikujua kuufanya vyengine.

Mama aliingia chumbani, akafuta wanja kwa kanga iliyorowa maji, akavua kila kilichong'aa mwilini mwake. Kisha akaniomba nguo nyeupe.

Asubuhi yake ami, ambaye siku zote alikunywa kahawa mbele ya mama akimletea habari za mji, alisimama nje ya chumba, uso ukutani.

"Mwanangu, muulize mama yako, hitima tuisome lini."

Nikamuuliza, nikatoka nikampa jawabu. Baadaye wanawake wakaanza kubisha, wa kwetu na wa mtaani, na mke wa ami alikuwa amekwenda kuteka maji. Nilifungua mlango mwenyewe. Walinitazama wote kwa pamoja, wakingoja, nami nikasema kwa sauti waliyoisikia mpaka wa nyuma, "Karibuni. Mama yuko ndani, anakaa eda."