Mihuri Mitatu kwenye Leseni Yangu

Leo nimefukuzwa kazi, na papo hapo nikaambiwa nikimbie.

Ndugu madereva wa Mlandege, niko Nyololo na lori, njiani kwenda Mbeya. Karatasi hii nimempa dereva wa basi linalokuja huko. Ibandikeni ukutani hapo tunapokunywa chai.

Asubuhi tajiri mwenye lori kaniita. Mkononi ana barua ya watu wa bima. Wanasema leseni yangu ina mihuri mitatu ya makosa ya mwendo kasi, kwa hiyo kuanzia Jumatatu hawalikatii lori bima kama dereva ni mimi.

"Umejiharibia mwenyewe," ananiambia.

Mimi. Nimejiharibia.

Mihuri yote mitatu niliipata nikikimbiza mzigo wake, na kila safari yeye ndiye aliyesimama getini akisema kimbia, kimbia.

Nikaweka ufunguo mezani. Akanirudishia.

"Jumatatu bado. Leo peleka mzigo Mbeya, ufike kabla kaka yangu hajafunga duka. Wahi."

Jamani, hasira nilikuwa nazo. Lakini ufunguo nikachukua.

Nyuma ya lori pameandikwa maili 20 kwa saa. Rangi kaipaka yeye mwenyewe, ili askari waone. Miaka yote hakutaka niifuate.

Leo naifuata. Mabasi mawili yamenipita, na hapa nakunywa chai kikombe cha pili.

Nyie mngefanyaje? Andikeni hapo chini.

Tajiri akija kuuliza nitafika Mbeya lini, mwambieni apige hesabu. Mwendo kauandika mwenyewe.