Jicho la Upepo

Majira yote ya baridi Gunnvor aliliacha wazi dirisha la chumba cha kulala, theluji ikiingia mpaka kitandani. Watu wa bonde la Setesdal wakanong'ona kwamba ujane umempanda kichwani. Wacha wanong'one, kuni zilikuwa zake.

Dirisha, kwa Kinorwe cha kwao, huitwa vindauge, yaani jicho la upepo. Neno hilo limekula chumvi nyingi kuliko kioo. Nyumba za magogo za zamani hazikuwa na kioo, alisema bibi yake Gunnvor. Zilikuwa na tundu tu juu, moshi utoke, mwanga uingie. Na mtu akikata roho, jicho hufunguliwa ili roho ipate njia. Gunnvor aliwafungulia wazazi wake wote wawili.

Mumewe, Tarjei, hakumfungulia. Alifia hospitali ya mjini, ghorofani, na Gunnvor akasukuma dirisha mpaka ukucha ukakatika.

"Halifunguki, mama," muuguzi alimwambia kwa upole.

Tangu siku hiyo hakujua mumewe yuko wapi. Alimtamani mpaka mifupa ikamuuma.

Mwishoni mwa baridi binti yao, Signe, alikuja na jibini la kahawia na maneno yake.

"Mama, unataka kupasha moto bonde zima?"

"Bonde halijalalamika."

"Kesho fundi analeta madirisha mapya. Vioo vitatu! Hata mbu hapiti."

"Yanafunguka?"

"Yafunguke ya nini? Si ndiyo maana yanatunza joto?"

Gunnvor aliweka kikombe cha kahawa chini. "Baba yako amefia kwenye nyumba isiyo na jicho, Signe. Kama alipata pa kutokea, atakuja kwake. Akute pamefungwa?"

Signe aliutazama mkono wa mama yake juu ya meza. Hospitalini ni yeye aliyemshika mama yake mikono, akimwambia aache, watu wanatazama.

Kesho yake fundi alibadilisha madirisha yote, ila moja. Alipokwenda zake, Gunnvor alikuta dirisha la chumbani liko wazi kabisa, zaidi ya alivyoliacha yeye. Signe ameketi kitandani upande wa baba yake, amejifunika blanketi lake la sufu, pua nyekundu.

"Njoo ukae, Mama," alisema. "Na mimi namngoja."